Bei ya Uso: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Sheria za Kale za Wakelti na Ngano Zake

Anayefungua sheria za kale za Ayalandi kwa mara ya kwanza hutafuta kifungu cha madai ya deni, akakutana na zimwi la baharini. Hugeuza kurasa akidhani kakosea kitabu. Hajakosea. Yafuatayo ni maswali ambayo huulizwa kila mara mada hii inapozuka, na majibu yake.

Tunaposema "sheria za Wakelti", tunasema za nani hasa?

Kwanza tuondoe dhana ya kitabu kimoja. Wakelti hawakuwa na dola moja wala mahakama moja. Jina hilo leo linashika zaidi jamaa ya lugha: Kiayalandi, Kigaeli cha Uskoti, Kimanx, Kiwelisi, Kikornishi na Kibretoni. Sheria zilizoandikwa na kutufikia kwa wingi ni za pande mbili tu, Ayalandi na Welisi.

Za Ayalandi zilitungwa zaidi katika karne ya 7 na ya 8, kwa Kiayalandi cha kale, na mkusanyo wake mkubwa unaitwa Senchas Már, yaani Mapokeo Makuu. Za Welisi hubeba jina la mfalme Hywel Dda, aliyefariki karibu na mwaka 950, ingawa hati zenyewe tulizonazo zinaanzia karne ya 13. Kati ya sheria za Hywel na nakala ya kwanza mkononi mwetu kuna karne tatu za watu kuongeza na kupunguza, kwa hiyo ukisoma "Hywel alisema", soma kwa tahadhari.

Nani alikuwa akihukumu?

Ayalandi ilikuwa na wafalme wengi wadogo, kila mmoja na himaya yake iliyoitwa túath. Mfalme hakutunga sheria kila asubuhi. Sheria ilikuwa elimu, na mwenye elimu hiyo aliitwa brithem, hakimu. Waingereza walilisikia neno hilo wakalitamka wajuavyo, ndiyo maana sheria zenyewe zikaja kujulikana kama za "Brehon".

Baadaye elimu hiyo ilishikwa na familia chache, baba kwa mwana, kama zilivyo nyumba za masharifu au za waganga. Maarufu kuliko zote ni ukoo wa Mac Aodhagáin. Mmoja wao, kijana aitwaye Aed, alikuwa ameketi usiku wa mkesha wa Krismasi mwaka 1350 na kitabu cha sheria cha baba yake. Pembeni akaandika kwamba huu ni mwaka wa pili tangu tauni iingie Ayalandi, akamwomba Mungu ampitishie mbali yeye na rafiki zake. Alikuwa na umri wa miaka kama ishirini. Hati hiyo bado ipo Dublin.

Kwa hiyo ni sheria za madruidi, makuhani wa kale wa Wakelti?

Hapana. Julius Caesar aliandika kwamba huko Gaul (Ufaransa ya leo) madruidi ndio waliokuwa wakiamua kesi, na watu hupenda kuunganisha moja kwa moja. Lakini maandishi ya Ayalandi yaliandikwa na Wakristo waliosoma Biblia vizuri, na ndani yake druidi ameshashushwa cheo: akiugua, hata awe mkubwa kiasi gani, anastahili matunzo ya mkulima wa kawaida tu, sawa na mtunga tashtiti, yaani mashairi ya kejeli, na jambazi.

"Bei ya uso" ni nini?

Ukilishika hili, mengine yote yatakaa sawa.

Kila mtu huru alikuwa na thamani yake mbele ya sheria, nayo iliitwa lóg n-enech, maana yake neno kwa neno ni bei ya uso. Ukimtukana mtu, ukimwibia, ukimuua mgeni aliye chini ya ulinzi wake, umemvunja uso, na utalipa bei ya uso huo. Wawelisi walisema wynebwerth na Wabretoni wa kale enepuuert, na maana ni hiyo hiyo: thamani ya uso. Sisi tunaosema uso umeumbwa na haya hatuhitaji kueleweshwa sana.

Bei haikuwa sawa kwa wote. Mfalme wa túath moja alihesabiwa cumal saba, na cumal moja kwa kawaida ilikuwa sawa na ng'ombe watatu wa maziwa. Mtu akiuawa kulikuwa na malipo mawili: fidia ya mwili, ambayo kwa mtu huru yeyote ilikuwa cumal saba, kisha juu yake bei ya uso kwa ndugu zake kulingana na cheo chao. Anayejua dia ataona jambo analolifahamu, ila huku cheo kiliingia kwenye hesabu bila kificho.

Na uso ulipotea. Mfalme akijeruhiwa kisogoni akikimbia vita, bei yake hushuka. Akikutwa ameshika sepetu, shoka au nyundo ya mti kama mtu wa kazi, hushuka hadi kwa mtu wa kawaida. Akiacha kashfa dhidi yake ienee bila kujibu, hali kadhalika.

Jambo moja la kutoficha: neno cumal maana yake ya asili ni mjakazi. Kipimo cha thamani kilikuwa mwanamke mtumwa. Wanaosimulia sheria hizi kama bustani ya haki wasiruke neno hilo.

Basi zimwi la baharini linafanya nini kwenye sheria ya madeni?

Lipo katika maandishi juu ya kukamata mifugo ya mdaiwa, katika kisa cha Fergus mac Léti, mfalme wa Ulster, kaskazini mwa Ayalandi.

Mtu mmoja aitwaye Eochu alikuwa chini ya ulinzi wa Fergus, akauawa. Miongoni mwa wauaji alikuwamo kijana ambaye baba yake alikuwa mgeni asiye na ukoo wa kumlipia. Ulinzi wa mfalme ulikuwa umevunjwa, kwa hiyo uso wake unadai. Akalipwa ardhi, na mama wa kijana yule, mwanamke wa nasaba aitwaye Dorn, akatolewa awe mjakazi wake.

Siku moja Fergus akalala ufukweni. Vijitu vya majini, lúchorpáin, vikamjia, vikamvua upanga, vikambeba kuelekea baharini. Miguu ilipogusa maji baridi akazinduka, akavikamata vitatu, viwili mikononi na kimoja kifuani. Vikaomba uhai. Akataka apewe uwezo wa kutembea chini ya maji. Vikampa, kwa sharti moja: asiingie Loch Rudraige, ghuba iliyo katika nchi yake mwenyewe. (Hapa ndipo maandishi ya kale kabisa tuliyonayo yanapowataja leprechaun, wale wanaochorwa siku hizi na kofia ya kijani. Walianzia kwenye kesi ya fidia.)

Aliingia, bila shaka. Akakutana na muirdris, mnyama aliyekuwa akijaa na kunywea kama mivukuto ya mhunzi, na kwa hofu mdomo wake ukapinda hadi kisogoni. Akamuuliza mwendesha gari lake la farasi, naonekanaje? Vibaya, akajibiwa, lakini usingizi utaliondoa hilo.

Mfalme mwenye kilema hakupaswa kutawala. Wenye hekima wa Emain Macha, makao ya wafalme wa Ulster, wakakaa. Hawakutaka kumpoteza, wakafanya jambo ambalo washauri wa wakubwa hulifanya mahali pengi: waliamua asijue. Wapumbavu na watu wa chini wakaondolewa nyumbani ili asije mtu akaropoka. Alipooshwa nywele alilazwa chali asione kivuli chake majini. Miaka saba ikapita hivyo.

Kisha siku moja Dorn alikuwa akimwandalia maji, Fergus akaona anakawia, akamchapa mjeledi. Dorn akamtupia maneno ya uso wake uliopinda. Fergus akamkata vipande viwili kwa upanga, akaenda zake Loch Rudraige. Mchana na usiku maji yakachemka, akatoka na kichwa cha mnyama mkononi na kusema yeye ndiye aliyebaki, akaanguka akafa. Maji, husimuliwa, yalikuwa mekundu mwezi mzima.

Sasa kisome tena kama mwanasheria. Nani alimlinda nani, nani hana ukoo wa kumjibia, mfidiwa ana haki gani juu ya mtu aliyetolewa kama fidia, mfalme asiye na uso halali anatawala kwa haki ipi. Kisa hiki ni kesi, na zimwi ni shahidi wake.

Ina maana hadithi zilitumika kama kesi za mfano?

Ndiyo, na mimi nadhani hapo ndipo wengi hukosea wakisema waandishi "walipamba" sheria kwa ngano. Mwanafunzi aliyekariri hukumu alihitaji kujua hukumu ilitoka wapi, na mwenye kutoa hukumu ya uongo hupatwa na nini.

Chukua madai ya ardhi. Mwanamume aliyedai shamba alivuka mpaka wenye makaburi ya wazee akiwa na farasi wawili na shahidi, akarudi nyuma akangoja. Akija mara ya pili huja na farasi wanne. Ya tatu, wanane, na analala humo, anawasha moto. Swali: mwanamke je? Hakimu Sencha akasema afanye vivyo hivyo. Papo hapo mashavu yake yakaota malengelenge. Akaja Bríg, mwanamke mwenye elimu ya sheria, akasahihisha: mwanamke aje na kondoo majike badala ya farasi, na chungio na chombo cha kukandia unga, na siku zake za kungoja ziwe fupi zaidi. Malengelenge yakapona. Hakimu aliyehukumu vibaya alivunjiwa uso kwa maana halisi kabisa.

Kisa cha Cormac mac Airt ni ndugu wa hicho. Kondoo walikula shamba la malkia la mmea wa kutia rangi ya buluu. Mfalme Lugaid Mac Con akaamua kondoo wote wachukuliwe. Kijana Cormac akasema hapana: manyoya kwa majani, kwa kuwa vyote viwili vitaota tena. Upande wa nyumba ya hukumu ukaporomoka kwa uongo wa mfalme, na Lugaid akapoteza ufalme. Wazo lililo chini yake waliliita fír flathemon, ukweli wa mtawala: mfalme akihukumu kwa haki, ng'ombe hutoa maziwa na mazao hukubali, akihukumu kwa dhulma, nchi huoza.

Ni kweli nyuki walishtakiwa?

Kuna maandishi mazima, Bechbretha, kuhusu nyuki. Kwa kuwa nyuki wako hula maua ya jirani, jirani naye ana fungu lake wanapozaana. Ukiumwa bila kumuua nyuki aliyekuuma, mwenye mzinga anakulisha asali ushibe.

Ndani yake anatajwa Congal Cáech, "Congal Chongo", kwamba alikuwa mfalme wa Tara, kilima cha wafalme wakuu wa Ayalandi, mpaka nyuki walipomtoboa jicho akang'oka kitini. Huyu si wa ngano: aliuawa katika vita vya Mag Rath mwaka 637. Lakini ngano nayo ikamdaka. Katika simulizi ya vita hivyo, nyuki walikuwa wa mfalme Domnall mac Áedo, watu wa Ulster wakadai jicho la mwana wa Domnall, naye akaamuru mzinga mzima uteketezwe ili mwenye hatia asipone.

Na Mtakatifu Patrick anaingiaje?

Kama muhuri, maana yeye ndiye anayesifiwa kwa kuleta Ukristo Ayalandi. Utangulizi wa Senchas Már unasimulia kwamba Nuadu Derg alimuua Odrán, mwendesha gari la Patrick, ili kumjaribu kama kweli atasamehe. Mshairi Dubthach maccu Lugair akapewa kesi. Akaamua muuaji auawe kwa mwili na roho yake isamehewe iende mbinguni. Baada ya hapo sheria zote zikawekwa mbele ya Patrick, zisizopingana na neno la Mungu zikaachwa, na watu tisa wakazipanga: wafalme watatu, maaskofu watatu, wasomi watatu. Kumbukumbu za Ulster zinaweka tukio hilo mwaka 438.

Ni hadithi iliyotungwa karne kadhaa baadaye, na iko wazi inatafuta nini: sheria ya mababu ipate baraka ya dini mpya bila kubadilika sana. Ya kweli kihistoria ni Sheria ya abate Adomnán, iliyopitishwa huko Birr, Ayalandi, mwaka 697 kuwalinda wanawake, watoto na watu wa kanisa vitani, na wadhamini wake 91.

Welisi nao wana kitu kama hicho?

Wanacho, na pengine ndiyo mfano safi kuliko wote.

Katika hadithi ya Branwen, mfalme Matholwch wa Ayalandi amekuja kuoa. Efnisien, kaka wa kambo wa Branwen, bibi harusi, anakasirika kwamba hakuulizwa. Anawaendea farasi wa wageni na kuwakata midomo hadi menoni, masikio hadi kichwani, mikia hadi mgongoni. Ndugu mkubwa wa Branwen, mfalme Bendigeidfran, anatuma fidia: farasi mzima kwa kila aliyeharibiwa, fimbo ya fedha nene kama kidole chake kidogo na ndefu kama yeye mwenyewe, na sahani ya dhahabu pana kama uso wake.

Geuka sasa kwenye sheria za Hywel, penye malipo ya kumtusi mfalme wa Aberffraw, makao ya kifalme kaskazini mwa Welisi. Ng'ombe mia kwa kila wilaya, na fahali mweupe mwenye masikio mekundu. Fimbo ya dhahabu ndefu kama mfalme na nene kama kidole chake kidogo. Sahani ya dhahabu pana kama uso wake, unene wake kama ukucha wa mlimaji mkongwe. Ni orodha ile ile karibu neno kwa neno. Aliyesikiliza hadithi hiyo kando ya moto alijua sheria, na alielewa kwamba Bendigeidfran ametoa anachostahili mfalme, si zawadi ya kubembeleza. Kuhusu masikio mekundu: katika hadithi za Welisi na Ayalandi, wanyama weupe wenye masikio mekundu ni wa ulimwengu wa pili. Fahali wa faini ametoka huko.

Na paka? Ndiyo, paka wana bei: senti moja kabla hajafumbua macho, mbili mpaka atakapoua panya, nne baada ya hapo.

Mshairi angeweza kumwangusha mfalme?

Kwa mujibu wa ngano, ndiyo. Bres alikuwa mfalme bahili. Mshairi Cairpre alipofika kwake alipewa kibanda kidogo chenye giza, bila moto wala kitanda, na vimkate vitatu vikavu. Asubuhi akatunga tashtiti, ya kwanza Ayalandi wanavyosimulia, na tangu siku hiyo mambo ya Bres yakaenda kombo. Mwingine, Caier wa Connacht, alitungiwa tashtiti na mpwa wake akaota malengelenge usoni, akakimbia ufalme.

Sheria ililichukulia jambo hilo kwa uzito. Tashtiti isiyo halali, kumbandika mtu jina la utani likaganda, kucheka kilema chake: vyote vililipwa bei ya uso mzima. Na iliyo halali ilikuwa silaha dhidi ya mkubwa asiyelipa.

Na asiye mshairi angemfanyaje mkubwa?

Angefunga. Huwezi kwenda kukamata ng'ombe wa mkubwa kama wa mkulima mwenzio. Unakwenda mlangoni kwake na kukaa bila kula. Akiendelea kula huku wewe umefunga, asikupe dhamana, deni linakuwa mara mbili. Jambo hilo liliitwa troscud. Katika hadithi za watakatifu, Patrick alifunga juu ya mlima siku arobaini mpaka Mungu akamkubalia maombi yake, na Ruadán pamoja na wenzake walimfungia mfalme Diarmait mac Cerbaill huko Tara, naye Diarmait akawafungia wao.

Huyo Diarmait ndiye wa "kila ng'ombe na ndama wake"?

Ndiye. Mtakatifu Colm Cille alinakili kitabu cha Finnian kwa siri, Finnian akadai nakala. Diarmait akahukumu: kila ng'ombe na ndama wake, na kila kitabu na nakala yake. Inasimuliwa kuwa hukumu hiyo ilizaa vita vya Cúl Dreimne mwaka 561. Vita vilikuwapo, kisa cha kitabu kimeshika umbo lake katika maandishi ya baadaye sana.

Je, wanawake walikuwa sawa na wanaume?

Hapana. Sheria yenyewe inasema baba humwangalia akiwa binti, mume akiwa mke, wanawe akiwa mjane. Bei ya uso wa mke mkuu ilikuwa nusu ya ile ya mumewe.

Hata hivyo aliweza kumwacha mume kwa sababu zilizotajwa, mojawapo ikiwa kutoa siri za chumbani hadharani. Wakiachana, mali iligawanywa kwa kazi: sufu mbichi mke anapata sehemu ya sita, iliyochanwa theluthi, nguo iliyofumwa nusu. Uke wenza ulikuwapo, na mwanasheria Mkristo aliutetea kwa kusema wateule wa Mungu katika Agano la Kale waliishi hivyo, kwa hiyo kuulaumu si rahisi kuliko kuusifu. Mke mkubwa alikuwa na siku tatu za kumshambulia mke mdogo kwa wivu bila kulipa, mradi asimuue. Mdogo aliruhusiwa kuparura na kuvuta nywele.

Majeraha yalipimwaje?

Kwa nafaka. Maandishi hayo yana jina la Dian Cécht, mganga wa miungu wa kale, na yanapima jeraha kwa punje: ngano, shayiri, njegere, haragwe. Hivyo mwenye kuandika kwa Kiswahili hujikuta na ngano za aina mbili kwenye ukurasa mmoja.

Ziliisha lini?

Polepole, halafu kwa ghafla. Mwaka 1366 Sheria za Kilkenny ziliwakataza Waingereza walioko Ayalandi kutumia sheria za Kiayalandi, ishara kwamba walikuwa wakizitumia. Welisi iliunganishwa na sheria ya Uingereza kwa sheria za 1535 hadi 1542. Huko Ayalandi, baada ya Waayalandi kushindwa vitani, mahakama za Kiingereza zilikataa mgawanyo wa urithi wa Kiayalandi mwaka 1606, na mwaka 1608 utaratibu wa kumchagua mrithi wa uongozi ndani ya ukoo.

Kuna cha kwenda kuona?

Huko Tara, pembeni ya kilima, kuna matuta ya udongo yaliyokaa upande upande. Yanaitwa Clóenfherta, na husimuliwa kuwa ndiyo nyumba iliyoporomoka Lugaid alipohukumu vibaya. Cahermacnaghten, katika mawe ya Burren, County Clare, kuna ngome ya mduara ambamo ukoo wa O'Davoren ulifundisha sheria. Loch Rudraige ni ghuba ya ndani ya Dundrum, County Down. Maji yake yakipwa hubaki mchanga mtupu, na mtu anaweza kutembea humo bila ruhusa ya vijitu.